Kasi Hii ni ya Nani?

Kwenye steshenari zilizo kando ya barabara ya Kilwa mjini Kibiti, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ni msimu wa foleni. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anafika na bahasha yake: cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, fomu zenye saini na mhuri. Kama ametoka Maparoni au Kiongoroni, ndani kabisa ya delta ya Rufiji, ameshapanda boti hadi Nyamisati, na kutoka Nyamisati amepanda bodaboda. Boti ya kumrudisha haifuati saa ya ukutani. Inafuata kujaa na kupwa kwa maji. Anakabidhi flashi, mwenye duka anaichomeka, na kile kiduara cha buluu kinaanza kuzunguka.

"Nivumilie mdogo wangu, mashine leo nzito."

"Sawa dada, ila maji yanakupwa."

Mtu wa nyuma kwenye foleni anatoa dawa ambayo kila mtu anaijua: hiyo kompyuta ipigwe windo upya.

Ushauri huo una ukweli ndani yake. Mfumo endeshi uliojaa programu zisizotumika, zinazojiwasha zenyewe kila asubuhi, hupata nafuu ukifutwa na kuwekwa upya. Nafuu hudumu kwa muda, kisha uzito hurudi. Hapo ndipo linapoingia swali ambalo fundi mwenye bisibisi mkononi hana nafasi ya kukaa nalo, lakini mtu anayewajali watu kuliko mashine hawezi kulikwepa. Je, kuna wajibu wowote wa kuifanya kompyuta itende kazi vizuri kuliko inavyotenda sasa? Na kama upo, ni wajibu wa nani kwa nani?

Makala haya yana upande katika swali hilo. Kuchelewa kwa kompyuta ni gharama, na gharama haifutiki kwa kutotazamwa. Kuna mtu anayeibeba. Kabla ya kuuliza mashine iongezwe kasi kiasi gani, iulizwe ni nani anayesubiri, na nani aliyeamua kwamba huyo ndiye asubiri.

Kwanza kijulikane kinachosubiriwa. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame safu tatu: prosesa, kumbukumbu, diski. Kwenye mashine ya mitumba yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, picha inayojitokeza mara nyingi ni hii: prosesa karibu haina kazi, kumbukumbu imejaa, na diski imesimama kwenye asilimia 100. Kumbukumbu, yaani RAM, ni meza ya kazi, diski ni ghala la nyuma. Meza ikijaa, mfumo endeshi huchukua kurasa, yaani vipande vya data, ambazo hazijaguswa kwa muda na kuzipeleka ghalani ili zipishe nyingine, na umbali wa kwenda ghalani ndio msiba wenyewe. Kitu kilicho kwenye RAM hupatikana kwa takriban nanosekunde 100. Kilicho kwenye diski ya kuzunguka hakipatikani mpaka kichwa cha kusomea kisogee na sahani izunguke hadi mahali panapotakiwa. Hiyo ni takriban milisekunde 10, mara laki moja zaidi. Kama kuifikia RAM kungechukua sekunde moja, kuifikia diski kungechukua zaidi ya saa 27. Diski za SSD, zisizo na kinachozunguka, hupunguza safari hiyo hadi takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Ndiyo maana kompyuta ya zaidi ya miaka kumi, iliyobadilishiwa diski tu, huweza kumfanya mwenyewe adhani ameletewa nyingine.

Kupima kabla ya kugusa ni adabu ya zamani katika fani hii. Gene Amdahl alionyesha mwaka 1967 kwamba faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi ina ukomo: kama sehemu hiyo inakula asilimia 5 ya muda wote, hata ukiifuta kabisa umeokoa asilimia 5, basi. Donald Knuth aliandika mwaka 1974 kuwaonya waandishi wa programu wanaohangaika kuharakisha vipande vidogo kabla hawajajua muda unapotelea wapi. Mtu anayezima vivuli vya madirisha na kufuta picha ya ukutani huku diski ikiwa imeelemewa, anafanya kazi kwa bidii pasipo na ugonjwa.

Hali yenyewe ya diski kuelemewa ilielezwa mwaka 1968 na mtafiti wa Marekani, Peter Denning, na maelezo yake yanastahili kusomwa na watu wasio na habari na kompyuta. Wasanifu wa mifumo ya wakati ule walitaka prosesa, ambayo ilikuwa ghali mno, isikae bure hata kidogo. Mfumo ulipoona prosesa imepumzika, ulikaribisha programu nyingine ndani. Programu mpya ikanyang'anya kurasa za zile zilizotangulia. Zilizotangulia zikazidai kurasa zao kutoka diski, zote zikaishia kusubiri diski, prosesa ikazidi kupumzika. Mfumo, kwa kuona prosesa imepumzika, ukakaribisha programu nyingine tena. Kazi iliyokamilika ikaporomoka karibu na sifuri wakati mashine inahangaika kuliko wakati wowote. Dawa ya Denning ilikuwa kuzuia mlangoni: programu isiruhusiwe kuingia mpaka ipatikane nafasi ya kurasa zote inazozitumia kwa wakati huo. Mfumo uliokubali kukataa ulimaliza kazi nyingi kuliko mfumo uliotaka kutumia kila kipande cha mashine kila dakika.

Mwenye steshenari anayefunga kivinjari chenye kurasa 20 za mtandaoni kabla ya kufungua fomu ya mteja anafuata kanuni hiyo hiyo. Lakini kuna jambo halikai sawa hapa. Kwa nini ukurasa mmoja wa fomu, wenye majina, namba na visanduku vya kutia alama, uhitaji nafasi kubwa hivyo hata mwenye duka alazimike kufunga kila kitu kingine?

Kuhusu kutumia kupita haja, kuna hadithi ya udhu ambayo mkazi wa kando ya mto ana sababu ya pekee ya kuitafakari. Imo katika mkusanyiko wa Ibn Majah. Mtume alimpita sahaba wake Sa'd akitia udhu, akamuuliza kuhusu israfu, yaani matumizi ya kupita kiasi, aliyoiona. Sa'd akauliza kama ndani ya udhu nako kuna israfu. Akajibiwa kuwa ipo, hata kama mtu yuko kwenye mto unaotiririka. Wataalamu wa hadithi wametofautiana kuhusu nguvu ya isnadi yake, lakini hukumu haikusimama juu yake peke yake: Imam Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 wa madhehebu ya Shafi'i, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, alieleza kwamba wanachuoni wamekubaliana kukataza israfu ya maji hata ufukweni mwa bahari.

Mtu mwenye akili ya mahesabu atauliza hasara iko wapi. Maji anayoyamwaga mtu aliye mtoni yanarudi mtoni. Hakuna aliyepungukiwa, mto haukushuka hata kwa unywele. Hoja hiyo ni nzito na isifunikwe haraka. Jibu la kwanza ni la tabia: mkono uliozoea kumwaga mtoni utamwaga pia nyumbani, kwenye ndoo iliyobebwa kichwani. Jibu la pili ni la umiliki: wingi wa kitu haumfanyi aliye karibu nacho kuwa mwenye nacho. Jibu la tatu ndilo linaloigusa delta moja kwa moja. Kila mto una watu wa chini. Anayesimama juu hawaoni, na kutowaona humfanya aamini kwamba hesabu yake imekamilika.

Mwandishi wa programu aliye katika jiji lenye intaneti ya kasi, mbele ya kompyuta mpya ya RAM ya GB 32, amesimama kando ya mto. Hana sababu ya kuhesabu. Ukurasa wake unafunguka kabla hajapepesa. Hakuna ubaya wowote moyoni mwake. Hajawahi tu kukaa mbele ya mashine inayosubiri milisekunde 10 mara elfu kumi mfululizo.

Niklaus Wirth, msomi wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal, alilalamika mwaka 1995 kwamba programu zinanenepa na kuzorota upesi kuliko mashine zinavyoongezeka kasi. Mwaka huo huo ilitoka Windows 95, iliyohitaji RAM isiyopungua MB 4. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inahitaji isiyopungua GB 4, yaani mara elfu moja na ushee. Sehemu ya ongezeko hilo ina sababu njema: kuandika kwa hati za dunia nzima, picha zenye uangavu, ulinzi dhidi ya wezi ambao mwaka 1995 hawakuwepo kwa wingi wa leo. Kuliita lote israfu ni kutotenda haki. Hata hivyo barua ya kuomba kazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri haijarefuka mara elfu. Ina anwani, salamu, aya tatu na saini, kama ilivyokuwa.

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10, ikiacha nyongeza ya muda kwa masasisho ya usalama. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za karibu mwaka 2018 na kuendelea. Kompyuta nyingi za mitumba hazifiki hapo. Mashine ambayo jana ilichapa barua, leo inachapa barua ile ile, lakini imebadilishiwa hukumu na mtu ambaye hatakutana nayo. Kwa mwenye duka hilo ni tukio la kiuchumi. Kwa mwandishi wa makala haya ni tukio la kimaadili pia, kwa sababu aliyeamua hakulipa, na aliyelipa hakuulizwa.

Uchungu huo ndio unaowapeleka watu kwenye kasi za uongo. Kuna programu za kujidai kusafisha na kuharakisha, ambazo zenyewe hujiwasha kila asubuhi na kula kumbukumbu. Kuna windo zilizokrakiwa, zinazoletwa kwenye flashi na yeyote aliye nazo. Na kuna ushauri unaopendwa kuliko wote: zima apdeti, zinamaliza bando na kuifanya mashine iwe nzito. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu kwenye Windows. Mei 12 mwaka huo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilo hilo, katika kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa, kikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Aliyezima apdeti alipata wepesi wa wiki chache kwa kukopa. Wala si watumiaji wadogo peke yao waliokopa hivyo. Januari 2018 ilitangazwa kuwa prosesa za kisasa, za Intel na za wengine, zilikuwa na kasoro zilizopewa majina Meltdown na Spectre. Kwa miaka mingi prosesa zilikuwa zikibahatisha hatua inayofuata na kuanza kuitenda kabla ya kuambiwa, ili zisikae bure; zikikosea, zinafuta. Ikabainika kwamba kufuta kuliacha alama, na programu yenye nia mbaya iliweza kuzisoma alama hizo na kujua siri za nyingine. Masasisho yaliyoziba kasoro hizo yalirudisha nyuma sehemu ya kasi iliyokuwa imeuzwa.

Baada ya hayo yote, bado tunazungumza juu ya kasi kama kitu kimoja. Siyo kimoja. Mfumo endeshi unaweza kupimwa kwa jumla ya kazi unazomaliza kwa siku, au kwa muda anaongoja mtu mmoja tangu abonyeze hadi aone jibu. Vipimo hivyo viwili hugombana. Kubadilisha kazi mkononi kuna gharama, kwa hiyo prosesa isiyokatizwa humaliza kazi nyingi zaidi kwa jumla. Lakini aliyebonyeza wakati haikatizwi, anangoja.

Ugomvi huu ulifika hadharani mwaka 2007 ndani ya mfumo endeshi wa Linux. Con Kolivas, daktari wa usingizi nchini Australia ambaye hakuwa mtaalamu wa kompyuta kwa ajira, alikuwa kwa miaka kadhaa akiandika marekebisho ya sehemu inayogawa zamu za prosesa. Malalamiko yake yalikuwa kwamba Linux inaboreshwa kwa ajili ya mashine kubwa za makampuni, na mtu wa kawaida mwenye kompyuta moja mezani, ambaye muziki wake unakatika kila anapofungua kitu kingine, hana anayempima. Vipimo vilivyotumika vilikuwa vya jumla ya kazi. Kukatika kwa muziki hakukuwa na namba, na kisicho na namba hakikuingia kwenye mjadala. Mwaka huo Kolivas aliacha kazi hiyo ya kujitolea. Miezi michache baadaye, Oktoba 2007, Linux ikapokea mfumo mpya, mgawaji wa zamu, ulioandikwa na Ingo Molnár, ambaye alimtaja Kolivas kuwa ndiye aliyeonyesha kuwa kugawa kwa haki kunawezekana. Kanuni yake inaeleweka na mtoto: kila kazi inawekewa hesabu ya muda iliokwisha kuupata, na zamu inayofuata hupewa kazi iliyopata kidogo kuliko zote. Ulitumika hadi mwaka 2023, ulipopishwa na mwingine uliojengwa juu ya wazo hilo hilo la haki. Simu za Android zinaendeshwa na kiini cha Linux, kwa hiyo karibu kila simu ya kupangusa iliyopo kwenye boti ya Nyamisati imebeba matunda ya malalamiko ya yule daktari.

Fundi wa Kibiti afanye nini basi na mashine iliyo mbele yake? Apime kwanza. Kama diski ndiyo iliyoelemewa, fedha ya mteja iende kwenye SSD kabla ya kitu kingine, na kama ubao una nafasi, RAM ifikishwe GB 8. Azime programu zinazojiwasha zisizo na kazi. Apdeti asizizime, azipangie ziteremke usiku au siku duka limefungwa. Kama mashine haikubali Windows 11 na kazi yake ni kivinjari na kuchapa, matoleo mepesi ya Linux kama Lubuntu au Linux Mint yenye Xfce yataibeba vizuri. Aseme ukweli kwamba jedwali lililopangwa kwa Word linaweza kuvurugika likifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi inayotumika huko, na kwamba kuna printa zitakazosumbua. Steshenari inaishi kwa kuchapa mafaili ya watu wengine kama yalivyo, kwa hiyo huko Linux huenda isifae, wakati shuleni inafaa sana. Na kama mashine inamtosha mwenyewe, anaandika hesabu zake jioni na hakuna anayemsubiri, iachwe. Uzito usiomchelewesha mtu haudai kutibiwa.

Wazo kwamba programu zinaweza kuwafuata watu badala ya watu kuzifuata si geni Tanzania. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizo huru kunakiliwa na kurekebishwa. Aliyekusudiwa alikuwa mtumiaji ambaye wauzaji wakubwa walikuwa hawajamhesabu.

Swali la nani anahesabiwa lina historia ndefu bondeni Rufiji kuliko kwenye kompyuta. Mkulima wa bonde alipanda mpunga mvua zilipoanza, ili mafuriko ya Machi hadi Mei yaukute umeshasimama. Maji yalipopungua akapanda tena kwenye tope lenye unyevu: mahindi, kunde, maboga, na enzi zake pamba. Hicho ni kilimo cha mlau. Mwaka wa ukame mafuriko yaliuokoa mpunga. Mwaka wa mafuriko makubwa mpunga ulizama lakini mlau ulishamiri. Familia ilikuwa na vipande vya shamba sehemu za juu na sehemu za chini, na mwaka wowote ule kimoja kilikuwa hakifanyi vizuri. Mtaalamu anayetazama mwaka mmoja ataona ardhi inapotea bure. Kwa miaka kumi, kile kipande kilichoonekana kupotea ndicho kilichozuia njaa.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda miinukoni, katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema na faida zilionekana: shule, zahanati na barabara hufika kwa urahisi zaidi kwenye kijiji kilichokusanyika. Lakini mashamba yalibaki bondeni. Mkulima akawa na mwendo mrefu kati ya nyumba na shamba, nguruwe na ndege wakapata muda wa kutosha wa kula mazao, na wengi wakarudi kuishi kwenye madungu mashambani kwa misimu mizima. Utendaji wa utawala uliboreshwa. Muda wa mkulima haukuwa kwenye safu yoyote ya hesabu.

Sasa mto wenyewe una mgawaji wa zamu. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Mtambo wa kwanza uliwashwa mapema mwaka 2024, na mitambo yote tisa, yenye uwezo wa megawati 2,115, ikakamilika mwaka 2025. Mgawo wa umeme uliowatesa Watanzania mwishoni mwa mwaka 2023 ulikuwa halisi, na steshenari ya Kibiti iliyokuwa ikipoteza mafaili kila umeme unapokatika ina haki ya kushangilia. Megawati ni kipimo cha jumla. Kwa kipimo hicho maji bora ni yale yanayotiririka sawasawa mwaka mzima. Kwa mkulima wa mlau na mvuvi wa delta, maji ya mwaka mzima yakigawanywa sawasawa hayana thamani sawa na maji yale yale yakija kwa kishindo Aprili na kuondoka Juni. Tope jipya, samaki wanaozaliana kwenye mabwawa ya bondeni na mikoko inayopokea maji baridi hutegemea mwezi, si jumla. Aprili 2024 mashamba na nyumba zilifunikwa katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Wakazi wengi waliyahusisha maji hayo na yale yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ilieleza kuwa chanzo ni mvua kubwa, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Huenda kila upande ulikuwa unasema kweli kwa kipimo chake: mmoja ulikuwa unahesabu ujazo, mwingine ulikuwa unauliza kwa nini maji yamekuja wakati huu na kwa nini habari haikutangulia.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imepanga vipaumbele: mahitaji ya binadamu kwanza, kisha mazingira, kisha shughuli nyingine za uchumi. Ratiba ya kufungua na kufunga maji ndipo mpangilio huo unapotekelezwa au kupuuzwa, siku kwa siku. Ratiba hiyo ingetangazwa vijijini kabla ya msimu wa kupanda, kwa tarehe na kwa kina cha maji kinachotarajiwa, mkulima wa Kibiti angejua ashushe mbegu gani kwenye kipande kipi. Na ingepangwa kwa kuwauliza watu wa Maparoni na Kiongoroni maji ya mafuriko wanayahitaji mwezi gani na kwa wiki ngapi, uzalishaji wa umeme ukahesabiwa baada ya jibu lao kuingizwa, ingejulikana pia ni megawati ngapi hasa ambazo nchi ingepungukiwa kwa ajili yao. Hesabu hiyo inaweza kufanywa kwenye kompyuta ya kawaida.